Nati ya Nane

Lori lilipotoka uani asubuhi ile, Mzee Chaki alisimama getini akalitazama mpaka likakata kona, akatabasamu peke yake kama mtu aliyesifiwa mbele za watu. Pua ilikuwa imeshuka. Ile pua ndefu ya lori la zamani, iliyozoea kuinuka mbele kama mtu anayenusa harufu mbaya, sasa ilikuwa imelala sawa na barabara, na kichwa cha binti yake kilionekana chote nyuma ya usukani, macho mpaka kidevu, si paji la uso na kitambaa cha kichwani tu kama zamani.

Alikuwa fundi wa springi, na jina la Mzee Chaki alipewa na madereva. Kila nati aliyoikaza mpaka mwisho aliivutia mstari mmoja wa chaki nyeupe, kutoka kwenye nati yenyewe hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imelegea. Hapo hakuna haja ya kubishana. Na kabla gari halijatoka uani kwake, lazima alizunguke na tochi akihesabu mistari yake kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku mwenye gari akitazama saa na kuguna. Wengine walimwona msumbufu. Hao hao ndio waliorudi kwake springi zilipovunjika tena.

Binti yake alirithi kimo cha mama na ubishi wa baba, mchanganyiko usiofaa kuwekwa nyumba moja na watu wengine. Lori lilikuwa la mzee, na alilishika mwenyewe mpaka mgongo ulipomkatalia. Sasa ulikuwa mwaka wa tano binti ndiye dereva, na kazi aliiweza. Kilichomshinda ni kuona mbele. Miezi mitatu nyuma, akilitoa lori sokoni taratibu, alisikia watu wanapiga kelele, akakanyaga breki. Aliposhuka alikuta mkokoteni wa mwuza maji umegusana na bampa, na mwenyewe ameketi chini katikati ya madumu yake, mzima. Binti hakuwa amemwona kabisa. Siku hiyo alirudi nyumbani asile.

"Baba, ninachokiona mimi ni boneti na mawingu," alisema. "Ama uishushe hii pua, ama nikurudishie funguo zako."

"Weka mto."

"Nimeweka miwili. Nikiweka wa tatu mguu haufiki klachi."

Mama mtu alicheka mpaka akashika ukuta, lakini mzee hakucheka, maana alijua kitakachofuata. Kuishusha pua kulianza na ngao. Mbele ya lori kulikuwa na bampa aliyoiunga mwenyewe kwa vyuma vya daraja lililobomolewa, baada ya kuponea chupuchupu kwenye ajali enzi zake. Juu yake aliweka winchi, mashine ya kuvutia gari lililokwama, ambayo sasa ilikuwa imekufa miaka mingi, na gurudumu la akiba. Watu wanne waliinyanyua kwa taabu. Springi za mbele zilikuwa zimeongezewa pleti, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, ili ziubebe mzigo huo, usukani ukawa mzito, na binti akawa anakata kona kwa mabega badala ya mikono.

"Hiyo ngao iliniokoa," mzee alisema.

"Wewe, ndiyo. Mimi itanifunga jela."

Basi ngao ikatoka, na winchi, na gurudumu likahamishiwa nyuma. Na kwa kuwa uzito umetoka, pua, badala ya kushuka, ikapanda vidole vinne zaidi. Mama mtu akaja kuitazama, akashika kiuno, akauliza kama lori linataka kuruka. Hapo ndipo mzee alipolala chini kwa siku kadhaa, akaifungua springi ya kulia na ya kushoto, akachomoa pleti tatu kila upande, zile alizoziongeza kwa ajili ya ngao na moja zaidi, akazifunga upya. Akatundika mbele bampa ya bomba, nyepesi, ambayo binti aliiinua peke yake. Usiku ule binti alikaa kwenye kiti cha dereva lori likiwa limezimwa, akamwambia mama yake asimame mbele ya pua. Mama mtu akasimama.

"Nakuona mpaka viatu," binti alisema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Hayo yote yalikuwa kichwani kwa mzee asubuhi hiyo alipofunga geti, akachukua fagio, akaanza kufagia mahali lori lilipokuwa. Kufagia hakumwachia mtu. Alikusanya pleti sita alizozichomoa akazisimamisha ukutani. Alizoa matambara. Kisha akaokota lile kopo la maziwa ya unga alilowekea nati za kazi hiyo, akaligeuza alimwage vumbi, na kitu kikaanguka sakafuni, kikabingirika, kikalala miguuni pake.

Ilikuwa washa. Kile kichuma cha duara chenye tundu kinachokaa chini ya nati. Ilikuwa mpya, bado ina ute wa mafuta ya dukani.

Mzee aliiokota, akaigeuza, akaitazama upande wa pili, utadhani upande wa pili ungempa habari nzuri zaidi.

Springi haishikwi na ekseli kwa maombi. Inashikwa na yubolti, bolti nene iliyopinda kama mpini wa ndoo, na kila springi ina mbili. Kila yubolti ina ncha mbili, kila ncha ina nati yake na washa yake. Nati nne kulia, nne kushoto. Mwenye duka alizitunga washa nane kwenye waya mmoja mbele ya macho yake, wakazihesabu wote wawili. Nane zilinunuliwa. Moja ilikuwa mkononi mwake.

"Hapana," alisema kwa sauti, na uani hakukuwa na mtu.

Alijaribu kukumbuka. Upande wa kulia ulikuwa wazi kabisa: boksi spana, bomba refu la kuongezea nguvu, nati nne, mistari minne. Upande wa kushoto alikumbuka nati ya kwanza, kwa sababu ilimchubua kidole na kidonda kilikuwepo. Ya pili aliikumbuka. Ya tatu alidhani anaikumbuka. Halafu jirani yake, mshona viti vya magari, alimwita ng'ambo ya ukuta amsaidie kusogeza cherehani. Akaenda. Aliporudi, binti alikuwa anamwuliza bolti za bampa mpya ziko wapi, wakaanza kazi ya bampa. Na nati ya nne?

Lakini alihesabu. Asubuhi hii hii alizunguka na tochi akahesabu. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema saba, nane. Ila sauti ile ilikuwa ya leo, au ya juzi kwenye pikapu ya seremala, au ya mwaka juzi? Alikuwa amehesabu mpaka nane kwa miaka thelathini, na hesabu zote zilifanana.

Kuna jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Miezi kadhaa sasa kichwa kilikuwa kinamfanyia visa. Aliwahi kukuta mfuniko wa oili wa gari la mteja ndani ya mfuko wake, gari likiwa tayari limewashwa. Aliwahi kumwuliza mteja mmoja jambo lile lile mara tatu, mpaka yule bwana akajibu kwa upole, na upole ule ulimkata maini. Kila mara alijitetea: usingizi mbaya, joto, kelele. Alijua anajidanganya. Fundi wa springi anayesahau si fundi tena. Ana benchi na vyuma vyake tu. Kwa hiyo alikuwa amenyamaza, akazidi kuishikilia chaki.

Alimpigia binti simu. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Akapiga tena, akajibiwa hivyo hivyo na mwanamke yule yule asiye na haraka. Bila shaka haipatikani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti: injini ikiwaka, simu izimwe. Alimfokea kwa ajili hiyo wiki nzima, miaka mitano iliyopita, mpaka ikakaa.

Alivua ovaroli, akavaa shati, akakosea vifungo.

"Baba watoto, unaenda wapi na chai iko mezani?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Nilishakunywa."

"Hujanywa."

"Basi nitakunywa nikirudi. Yule mtoto amesahau karatasi za gari."

Mkewe alimtazama shati, akamtazama uso. Juu ya kabati nyuma yake kulikuwa na kile kichupa chake cha rangi nyekundu ya kucha, kipya tena. Rangi hiyo haikukaa katika nyumba ile. Kila baada ya muda kichupa kingine. Siku moja mzee aliwauliza yeye na binti wanaipaka wapi, maana kucha za mama zilikuwa kavu na za binti nyeusi kwa grisi, nao wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Naye akacheka, bila kujua kinachochekesha.

"Karatasi huwa ziko kwenye gari siku zote," mkewe alisema.

"Mama watoto, niache niende."

Hakumwuliza tena. Alimfungua vifungo viwili, akavifunga upya mahali pake, akasema, "Basi nenda na kaka yangu. Usipande pikipiki za watu usiowajua. Na upunguze hofu, yule mtoto haondoki ovyo."

Shemeji yake alikuwa akisambaza mitungi ya gesi kwa pikipiki, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Alishusha mitungi miwili, akampakia mzee, na kabla hawajafika barabara kuu alikuwa ameshauliza maswali kumi.

"Shemeji, karatasi gani hizo za kukimbizana nazo hivi? Za ndoa?"

"Endesha."

"Naendesha. Lakini unanikaba. Hicho unachokibana ni ini langu."

Mzee alilegeza mikono, na baada ya muda mfupi akambana tena. Hakuwa na haja ya kufumba macho ili aione kazi ile. Binti alikwenda kwanza ghalani kupakia saruji. Hiyo ingemchukua saa mbili, na ndiyo nafasi pekee ya kumkuta. Lakini saruji ni mzigo. Lori tupu linaweza kumsamehe fundi. Lori lililojaa, kila shimo linalolipiga, springi inajaribu kuhama juu ya ekseli, na nati tatu zinabeba kazi ya nne. Kisha ya tatu inachoka. Kisha ekseli inasogea upande mmoja, kidogo tu, na dereva anaona usukani unavuta kushoto, anaurudisha. Kwenye tambarare hayo yanavumilika. Lakini safari ya leo haikuwa ya tambarare. Baada ya mzani wa serikali barabara ilikuwa inaanza kuteremka, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Na ukienda na saruji, upande usio na kitu ni wa kushoto.

Alimwona mtoto wake akiwa na miaka sita, amekaa juu ya tairi uani, akipiga nati na nyundo ya mbao na kusema "tayari, baba". Akajuta kumfundisha kazi hiyo. Akajuta kuitoa ngao. Kama ngao ingekuwepo, walau! Halafu akajizomea moyoni: ngao nayo ingekuwepo, mtu wa mkokoteni asingeonekana. Hofu haina mpangilio. Humpa mtu kila kitu cha kujutia kwa wakati mmoja.

Ghalani walimkosa; leo alikuwa amepakiwa mapema. Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mzani walisimama. Mwuza mafuta aliwafahamu.

"Amepita," alisema akifuta mikono. "Alikuwa na saruji. Tena leo alinichelewesha, amelala chini ya gari pale kwenye pampu yangu, wateja wanapiga honi."

"Chini upande gani?" mzee aliuliza.

"Mbele."

"Kulia au kushoto?"

Yule bwana akageuka, akanyoosha mikono yake miwili akiifikiria. "Kushoto. Nikamwuliza kuna nini, akasema ni kelele tu. Akagonga gonga, akaazima bomba langu, akaondoka."

Kelele tu. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuna maneno ambayo mzee aliyachukia kama hayo. Wateja wote aliowahi kuletewa wakivutwa kwa kamba walikuwa wamesikia kelele tu. Basi ilikuwa imeanza kulegea. Imelegea kiasi cha kusikika, naye ameigonga kama mtu anavyogonga redio, ameendelea na safari.

"Shemeji," alisema, "si karatasi."

"Nilijua si karatasi."

"Sijui kama nilikaza nati. Ya springi. Sikumbuki."

Yule mtu wa maneno mengi alivaa kofia yake ya chuma vizuri, akampa mzee ishara apande, na kutoka hapo pikipiki ikaenda kwa namna ambayo siku nyingine mzee angeshuka atembee kwa miguu.

Kwenye mzani foleni ya malori ilikuwa ndefu, na hilo lilimpa matumaini. Alishuka akapita akikimbia kando ya foleni, mgongo ukimwuma, akitazama pua moja baada ya nyingine. Lao, la bluu, halikuwepo. Akafika kwenye kibanda cha karani wa mzani, akashika dirisha.

"Lori la bluu, la pua. Dereva mwanamke."

"Mfupi? Mbishi?" karani alisema. "Huyo amepita. Mbele yake leo kulikuwa kwepesi mpaka nikadhani mzani wangu mbovu. Nikampima mara mbili. Amenitukana kwa heshima zote."

"Amepita saa ngapi?"

"Nusu saa. Labda zaidi."

Nusu saa inatosha kufika kona ya tatu. Mzee aliketi kwenye ukingo wa saruji wa kibanda, na roho ikamwambia kitu ambacho hakutaka kukisikia. Shemeji alimnyanyua kwa mkono.

"Bado kuna maegesho," alisema. "Pale juu, kabla ya kuteremka. Wote husimama kupoza na kukagua breki. Inuka, shemeji. Usinifie hapa, dada yangu ataniua."

Maegesho yalikuwa uwanja mpana wa changarawe, na mwisho wake ndipo barabara ilipojikunja na kupotea chini. Malori yalikuwa kama kumi na tano. Mzee alisimama juu ya vikanyagio vya pikipiki akiyapitia kwa macho, mara ya kwanza, mara ya pili. Alikuwa anaitafuta pua iliyoinuka, pua aliyoifahamu kwa mbali miaka yote, na haikuwepo. Akatazama ile kona ya mwisho. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na watu wanaokimbia. Alisikiliza.

"Shemeji," yule mwingine alisema polepole, "lile si lenu?"

Lilikuwa limeegeshwa pale pale mbele yao. Bluu, bampa ya bomba, pua imelala sawa na ardhi. Mzee alikuwa amelitazama mara mbili asilitambue, kwa sababu ya kazi ya mikono yake mwenyewe.

Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akinywa chai kwenye mfuniko wa chupa. Alimwona baba yake anakuja mbio, akasimama, chai ikammwagikia.

"Baba? Kuna nini? Mama yuko salama?"

Mzee hakumsalimia. Alilala chini na shati lake safi, akajivuta kwa viwiko chini ya gurudumu la mbele la kushoto, akawasha tochi ya simu.

Nati ya kwanza ilikuwa na mstari wake wa chaki, na damu kavu kidogo ya kidole chake. Na juu ya chaki, ukiikata kama msalaba, kulikuwa na mstari mwingine, mwembamba, mwekundu, unaong'aa. Nati ya pili vivyo hivyo, mweupe na mwekundu. Ya tatu vivyo hivyo. Alijisogeza ili aione ya nne, iliyojificha nyuma ya springi.

Ya nne haikuwa na chaki. Ilikuwa na mstari mwekundu peke yake. Na chini yake kulikuwa na washa nene, ya zamani, yenye kutu ukingoni, ambayo hakuinunua yeye.

Aliishika. Ilikuwa imekazwa barabara. Aliishikilia hivyo kwa muda, na moyo wake, uliokuwa ukienda mbio tangu asubuhi, ukatulia ghafla, na utulivu ule ukamwumiza kuliko mbio.

Kisha akageuza tochi upande wa kulia. Nyekundu kwenye zote nne. Akaipeleka nyuma zaidi, kwenye kazi za zamani. Bolti za shafti, nyekundu. Pini za springi, nyekundu. Kwenye shokapu, kazi aliyoifanya miaka miwili iliyopita, chaki yake ilikuwa imeoshwa na mvua zamani, lakini rangi ya kucha ilikuwepo bado, imefifia, haijatoka.

Aliona viatu vya binti yake, halafu magoti, halafu uso wake umeinama pembeni.

"Baba, toka huko. Shati litaharibika."

"Ilikuwa imelegea kiasi gani?"

"Ilikuwa imefungwa kwa vidole tu," alisema. "Na washa haikuwepo. Nikatafuta moja kwenye boksi langu. Nimeikaza pale kwa mwuza mafuta, baada ya kupakia, kama ulivyonifundisha kwamba springi hukazwa tena ikishabeba mzigo."

"Huwa unakagua pale siku zote?"

"Kila safari inayofuata kazi yako. Pale huwezi kuniona."

"Tangu lini?"

"Tangu shokapu."

Miaka miwili. Yeye alihesabu miezi kadhaa. Kumbe hata kusahau kwake alikuwa amekusahau kulikoanzia. Alilala chali akitazama tumbo la lori lake, lenye alama nyekundu kila mahali, na machozi yakamtoka yakaingia masikioni.

"Mama yako anajua?"

"Mama ndiye aliyenipa kichupa cha kwanza. Alisema chaki hufutika." Binti akaweka mfuniko wa chai chini. "Hatukutaka uaibike, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha nati. Ningekuambiaje?"

Alitaka kukasirika, na kwa muda alikasirika kweli, kwa vile vicheko vyao vya siku ile na jinsi alivyocheka nao. Lakini hasira ilihitaji mahali pa kusimama, na yeye alikuwa amelala chini ya nati ya nane. Halafu jambo jingine likamjia, likafukuza aibu yote.

"Na magari ya watu?"

Binti akageuka kuyatazama malori mengine.

"Nakuuliza, mama. Hili unalikagua wewe. Ya wateja anayakagua nani?"

"Ninayoyawahi, nayapitia kabla hayajatoka. Jioni, ukiwa bafuni." Akakwangua tope kwenye tairi. "Sikuwahi yote."

"Pikapu ya seremala? Ya juzi?"

"Juzi nilikuwa safarini, baba."

Mzee alijivuta akatoka chini ya lori. Shati lilikuwa limekwisha. Shemeji alinyoosha mkono amsaidie kuinuka, lakini alibaki ameketi kwenye changarawe, ameegemea gurudumu, akatoa simu. Aliitafuta namba kwa kidole chenye kidonda. Binti akachuchumaa, akamshika kifundo cha mkono.

"Baba, ukimwambia seremala, kesho mji mzima umejua. Nikirudi jioni nitampitia, nitasema nataka kuangalia kitu tu. Hatajua."

"Na kabla ya jioni ataendesha wapi?"

Mkono wa binti ukaachia.

Simu ililia mara tatu. Seremala alipokea akiwa na msumeno unaounguruma nyuma yake, akapaza sauti, "Mzee Chaki! Habari za asubuhi! Gari langu linaenda kama jipya!"

"Liko wapi sasa hivi?"

"Hapa uani. Natoka na mbao baada ya hizi."

"Usitoke. Usiliwashe kabisa. Zile nati za springi, sikumbuki kama nilizikaza."

Msumeno ulizimwa. Kisha seremala akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeletewa utani mzuri mapema.

"Wewe, mzee? Wewe wa kuhesabu na tochi? Wewe utasahau?"

Mzee Chaki alimtazama binti yake, aliyekuwa ameuma mdomo, na nyuma yake ile pua iliyoshuka.

"Ndiyo," alisema. "Mimi."